Totila Iliyokunywa Pilipili: Historia ya Enchilada

Mpishi wa Mexico anayetaka kupika enchilada huanza na pilipili. Huzipasua zilizokauka, huzitoa mbegu, huzipitisha kidogo kwenye kaango la moto mpaka zinukie, kisha huziroweka. Zikilainika huzisaga pamoja na kitunguu saumu na chumvi, akapata rojo jekundu. Ndipo huchukua totila, yaani chapati nyembamba ya mahindi, akaichovya kwenye rojo lile, akaipitisha kwenye mafuta, akaitia nyama ya kuku iliyochambuliwa au jibini, akaikunja na kuipakua ikiwa ya moto. Juu yake hunyunyiza kitunguu kilichokatwakatwa na jibini kavu.

Kinachotiwa ndani hubadilika kwa kadiri ya mfuko na mkoa. Ziko enchilada za kuku, za viazi, za mayai, za maharage, na nyingine hazina kitu ndani. Jambo lisilobadilika ni totila kunywa pilipili, na jina lenyewe la Kihispania limetokana na tendo hilo. Kwa hiyo historia hii lazima ianze na mahindi na pilipili, maelfu ya miaka kabla neno enchilada halijaandikwa popote, na lazima ipitie mikononi mwa wanawake. Wao ndio waliosaga, waliochovya na waliouza katika kila kipindi, ingawa majina yao ni machache mno katika kumbukumbu zilizoandikwa.

Mahindi, chokaa na jiwe

Mahindi yalitokana na nyasi pori iitwayo teosinte, ambayo mpaka leo huota katika bonde la mto Balsas, kusini-magharibi mwa Mexico. Punje zake ni chache, na kila moja imefungwa ndani ya gamba gumu. Mabaki yaliyofukuliwa katika bonde hilo yanaonyesha kwamba watu walikuwa tayari wanatumia mahindi ya kupandwa miaka 8,700 hivi iliyopita. Katika pango la Guilá Naquitz, Oaxaca, yalipatikana magunzi ya miaka zaidi ya 6,000, mafupi kuliko kidole cha mtu mzima. Iliwachukua wakulima vizazi vingi vya kuchagua mbegu, msimu baada ya msimu, mpaka wakapata hindi la kumshibisha mtu. Pilipili nayo ililimwa katika nchi hiyohiyo tangu zama za kale, na maharage na maboga vilikuwa jirani zake shambani.

Hata hivyo mahindi peke yake hayatoi totila. Sisi tunaokula ugali tunaujua unga wa mahindi: ukisongwa kwa maji ya moto hushikamana, lakini ukijaribu kuusukuma kama chapati hukatika, na ukiukunja hupasuka. Watu wa Mesoamerika, yaani Mexico na jirani zake wa kusini, walipata dawa ya jambo hilo katika chokaa. Walichemsha punje katika maji ya chokaa au ya majivu, wakaziacha usiku kucha, wakaziosha asubuhi mpaka ganda likatoka. Punje hizo, zikiwa bado na maji, zilisagwa juu ya jiwe la kusagia kwa kupiga magoti liitwalo metate, zikawa donge laini linalovutika. Mahindi yaliyopikwa hivyo huitwa nishtamali. Katika pwani ya kusini ya Guatemala vimepatikana vyombo vya kazi hiyo vya kati ya mwaka 1500 na 1200 Kabla ya Kristo.

Chokaa ilifanya kazi nyingine ambayo hakuna aliyeijua wakati ule. Mahindi yana niasini, vitamini inayolinda ngozi, tumbo na akili, lakini imefungika kiasi kwamba mwili hauwezi kuitumia. Chokaa huifungua. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya na Afrika, punje zilisafiri bila mapishi yake. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal wa Asturias, Hispania, alieleza ugonjwa wa ajabu uliowashika maskini waliokula mahindi kila siku: ngozi kuchubuka, kuharisha, kisha kuchanganyikiwa. Huo ndio pelagra. Mwaka 1915 Joseph Goldberger alionyesha nchini Marekani kwamba chanzo chake ni upungufu katika chakula, wala si vijidudu. Na jambo hili liko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1990 zaidi ya wakimbizi 17,000 wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra, baada ya karanga kukosekana katika mgao wao wa chakula na kubaki wakitegemea mahindi. Mwanamke wa Mexico aliyeroweka mahindi yake kwa chokaa aliilinda familia yake na maradhi ambayo madaktari wa dunia walikuja kuyaelewa katika karne ya 20.

Donge hilo lilitandazwa kwa viganja na kuokwa juu ya komali, sahani bapa ya udongo iliyowekwa juu ya mafiga matatu. Totila ikatoka nyembamba na nyumbufu. Mlaji aliikata kipande akakigeuza kijiko, au akaikunja ikawa chombo cha chakula chenyewe. Hapo msingi wa enchilada ulikuwa umekamilika.

Sokoni Tlatelolco, 1519 mpaka 1577

Hernán Cortés na askari wake walipoingia Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki uliojengwa juu ya kisiwa ndani ya ziwa, Novemba 1519, walikuta soko la Tlatelolco. Katika barua yake kwa mfalme ya mwaka 1520, Cortés alikadiria kwamba watu zaidi ya 60,000 walikutana hapo kila siku kununua na kuuza, na akataja nyumba ambamo mtu hulipa akala na kunywa. Mji huo uliangukia mikononi mwa Wahispania na washirika wao Agosti 1521, ukiwa umechoshwa na vita, njaa na ndui.

Tunajua zaidi kilichopikwa hapo kwa sababu ya padri mmoja mwenye subira. Bernardino de Sahagún alifika Mexico mwaka 1529 na akajifunza Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Kwa miongo kadhaa yeye na wasomi wa Kinahua, wengi wao waliosomea chuo cha Santa Cruz huko Tlatelolco, waliwahoji wazee na kuandika majibu yao. Kazi hiyo, iliyokamilika mnamo 1577, ina vitabu 12 kwa Kinahuatl na Kihispania, na leo inajulikana kama Kodeksi ya Florence. Kitabu cha kumi kinawaeleza watu na kazi zao, wakiwamo wauzaji wa chakula sokoni. Wanatajwa wanaouza totila nene na nyembamba, zilizokunjwa, zilizotiwa maharage, zilizotiwa nyama au mayai, na zile zilizopakwa mchuzi wa pilipili. Kwa hiyo aliye na haja ya kujua nani aliyebuni enchilada asitafute jina la mpishi wa jumba la mfalme. Ilikuwa biashara ya sokoni kabla Mhispania hajaionja.

Mbali huko Yucatán, Wamaya walikuwa na mapishi yao, na bado wanayo. Papadzules ni totila iliyochovywa katika rojo la mbegu za maboga, ikatiwa yai la kuchemsha na kumwagiwa mchuzi wa nyanya. Wengi huitaja kuwa mzee wa enchilada. Mimi ningeiita ndugu yake badala ya babu, kwa kuwa rojo lake halitegemei pilipili, lakini wazo ni lilelile: totila huzamishwa kwanza, kisha hutiwa kitu.

Tofauti moja kubwa na enchilada ya leo ni mafuta. Kabla ya 1519 wapishi wa Mexico walichoma, walichemsha, walipika kwa mvuke na kuoka juu ya komali. Nguruwe hawakuwapo, ng'ombe hawakuwapo, na kukaanga kwa mafuta mengi hakukuwa sehemu ya mapishi yao.

Miaka 300 ya Hispania

Wahispania walileta nguruwe, ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku. Walileta vitunguu, kitunguu saumu, bizari, pilipili manga na ngano. Kati ya vyote hivyo, viwili ndivyo vilivyoigeuza enchilada kuwa chakula tunachokijua: mafuta ya nguruwe na jibini.

Totila iliyochovywa kwenye rojo peke yake hulainika na kuvunjika upesi. Ikipitishwa kwanza kwenye mafuta ya moto kwa nukta chache, juu yake hujifunga. Hubeba rojo bila kusambaratika, na rangi ya pilipili hukolea. Wako wapishi wanaoanza na mafuta kisha rojo, na wako wanaoanza na rojo kisha mafuta, na kila upande unashikilia kwamba ndio wenye haki. Pia mafuta yaliokoa totila za jana. Totila iliyolala hukauka na kukakamaa, lakini hiyohiyo ndiyo ifaayo zaidi kwa enchilada, kwa kuwa ile laini ya asubuhi hunywa mafuta kupita kiasi. Jiko la mtu wa kipato kidogo halikutupa kitu, na desturi hiyo ya kutotupa ikawa siri ya ladha.

Ngano nayo ilikuwa na vita vyake. Kwa Wahispania mkate wa ngano ulikuwa chakula cha watu waungwana na ndio pekee uliokubalika katika misa. Walihimiza ngano ilimwe, wakataka ilipwe kama kodi. Maeneo makavu ya kaskazini, hasa Sonora, yalikubali ngano na kuzaa totila kubwa za ngano ambazo baadaye zilizaa burito, totila ya ngano iliyofungiwa chakula ndani. Lakini katikati na kusini mwa nchi mahindi hayakung'oka. Hindi lilikubali mlimani na bondeni bila jembe la kukokotwa na ng'ombe, na mwanamke mwenye metate hakuhitaji tanuri wala kinu cha tajiri.

Puebla, mji ulioanzishwa na Wahispania mwaka 1531, ndio unaosifika kwa mole, rojo zito la pilipili kavu za aina kadhaa, ufuta, lozi, mdalasini, karafuu na chokoleti kidogo. Totila ikichovywa humo huitwa enmolada. Mdalasini na karafuu vilikuja kutoka Asia, vingi kwa merikebu zilizosafiri kati ya Manila na Acapulco tangu 1565 hadi 1815. Karafuu hizo zilikuwa za visiwa vya Maluku, kwani Zanzibar ilianza kuzilima mwanzoni mwa karne ya 19. Hadithi maarufu husema mole ilibuniwa na mtawa wa nyumba ya Santa Rosa aliyetaka kumfurahisha askofu. Hadithi hiyo inapendeza, ila inawanyima haki wanawake wa asili waliopiga magoti mbele ya metate katika majiko ya watawa hao. Mchuzi wa pilipili uliosagwa pamoja na mbegu ulikuwa wao tangu zamani. Viungo vya ng'ambo viliongezwa juu yake.

1831: enchilada yaingia kitabuni

Mexico ilipata uhuru mwaka 1821, na miaka kumi baadaye, 1831, kikatoka kitabu cha mapishi cha kwanza kuchapishwa katika taifa hilo jipya, *El cocinero mexicano*, katika juzuu tatu. Enchilada zimo. Mchapishaji Mariano Galván Rivera akatoa tena mwaka 1845 kamusi nene ya mapishi, nayo ikazieleza. Kwa nchi iliyokuwa inajitafutia sura yake baada ya miaka 300 ya kutawaliwa, haya hayakuwa mambo madogo. Vyakula vya sokoni viliwekwa katika kurasa zilezile zilizobeba mapishi ya Kifaransa na Kihispania.

Lakini wasomaji wa vitabu hivyo walikuwa watu wa tabaka la juu, na mezani pao Ufaransa ndiyo iliyotawala. Mambo yalizidi pale Mfalme Napoleon III wa Ufaransa alipotuma jeshi lake, na Maximilian wa Austria akakaa kwenye kiti cha enzi cha Mexico kuanzia 1864. Karamu za ikulu zilipikwa kwa mtindo wa Ulaya. Maximilian alipigwa risasi Querétaro Juni 1867, na ufalme wake ukaisha. Mapenzi ya matajiri kwa upishi wa Paris yaliendelea kwa miongo mingi baada yake. Enchilada ilibaki chakula cha jioni barabarani, cha majiko ya mkaa kwenye pembe za viwanja, na cha nyumbani pale ambapo hakuna mgeni wa kuonyeshwa fahari.

Kila mji na yake

Mexico ni nchi ya milima, na kabla ya reli bonde moja halikujua sana jirani yake amepika nini. Hilo ndilo lililozaa enchilada nyingi kiasi hiki, na hapa ningependa kutulia, maana ukisoma sahani unausoma mkoa.

Guanajuato ni mji wa fedha. Mgodi wake wa La Valenciana ulikuwa miongoni mwa migodi tajiri zaidi duniani mwishoni mwa karne ya 18. Enchilada za huko huitwa za wachimbaji: totila huchovywa katika rojo la pilipili guajillo, hutiwa jibini na kitunguu, kisha hufunikwa kwa viazi na karoti zilizokatwa vipande na kukaangwa katika mafuta yaleyale yenye rangi ya pilipili. Husimuliwa kwamba wake wa wachimbaji ndio waliowapelekea waume zao chakula hiki. Kiazi na karoti humfaa mtu aliyetoka kupanda ngazi za shimo na mzigo wa mawe mgongoni.

Huko Morelia, Michoacán, viazi na karoti vimo pia, ila sahani imechukua jina la uwanja wa mji, kwa kuwa huko ndiko inakouzwa usiku, pamoja na kipande cha kuku kilichokaangwa pembeni. Wauzaji hukaangia mbele ya mteja kwenye kaango pana, na moshi wa pilipili huwashika koo wapita njia.

San Luis Potosí walikwenda njia yao. Huko pilipili haipakwi juu ya totila. Husagwa pamoja na donge lenyewe, likawa jekundu kabla ya kuokwa. Mpishi hutandaza kiduara kidogo, hukitia jibini, hukikunja nusu kama sambusa ya mviringo, hukibana kingo na kukioka, kisha hukikaanga wakati wa kuliwa. Watu wa mji wa Soledad, ulio ubavuni mwa San Luis Potosí, hudai kwamba mapishi haya ni yao.

Oaxaca hupendelea maharage meusi: totila huzamishwa katika rojo la maharage lililotiwa jani la mparachichi lenye harufu ya anisi, ikaitwa enfrijolada. Katika Huasteca, upande wa ghuba, enchilada huliwa na cecina, nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba, ikatiwa chumvi na kuanikwa. Katikati ya nchi rojo la kijani hutokana na tomatiyo, tunda dogo chachu la jamii ya nyanya lililojifunika ganda jembamba, linalosagwa na pilipili mbichi na giligilani. Sonora totila yenyewe ni nene, haikunjwi wala kuviringishwa. Hukaangwa na kumwagiwa rojo juu. Hapo hakuna kilichofichwa ndani, na bado hakuna mtu wa Sonora atakayekubali uiite kwa jina lingine.

Baada ya 1848: mpaka uliovuka watu

Vita kati ya Mexico na Marekani viliisha kwa mkataba wa Guadalupe Hidalgo, uliotiwa saini tarehe 2 Februari 1848. Ukichanganya na Texas iliyokwisha kuchukuliwa, Mexico ilipoteza takriban nusu ya ardhi yake. Makumi ya maelfu ya Wamexico waliamka wakiwa ndani ya nchi nyingine, bila kuhama nyumba zao, na majiko yao yakabaki palepale.

San Antonio, Texas, ndiko enchilada ilikoanza kuuzwa kwa wingi kwa Wamarekani. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mamalishe wa Kimexico walipanga meza zao jioni katika viwanja vya mji, chini ya taa za mafuta, wakiuza nyama ya pilipili, tamale (donge la mahindi lililopikwa kwa mvuke) na enchilada. Waandishi wa habari na watalii walioshuka kwenye treni waliwasifu, wakawapa jina la malkia wa pilipili. Wakuu wa mji waliwahamisha kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, na katika miaka ya 1930 kanuni za afya ziliwafukuza mitaani. Faida ya ladha yao ilikwenda kwingine. William Gebhardt, mhamiaji wa Kijerumani, alikuwa ameanza miaka ya 1890 kuuza pilipili ya unga iliyochanganywa na bizari, tayari kwa mpishi asiyetaka kuloweka na kusaga. Rojo la enchilada la Texas likawa mchuzi wa unga wa ngano, bizari na pilipili hiyo, ukifunikwa kwa jibini ya njano iliyoyeyuka. Wapo wanaolidharau. Mimi naona lilipikwa na watu waliotumia kile duka la karibu lilikuwa nacho, kama wanawake wa karne ya 16 walivyotumia mafuta ya nguruwe.

New Mexico, upande wa magharibi, enchilada haiviringishwi. Totila hupangwa moja juu ya nyingine, baina yake jibini na rojo, na juu kabisa huwekwa yai la kukaanga. Pilipili ya huko ilisanifishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Fabián García, aliyezaliwa Chihuahua na akawa mmoja wa wahitimu wa kwanza, mwaka 1894, wa chuo cha kilimo cha Las Cruces. Alitaka pilipili iliyo laini, yenye ukubwa mmoja na ukali wa kutabirika, wakulima waweze kuiuza mbali. Mteja katika mgahawa wa New Mexico huulizwa kama anataka rojo jekundu au la kijani, na mwaka 1996 bunge la jimbo lililifanya hilo kuwa swali rasmi la jimbo.

Hukumu dhidi ya mahindi, na kinu kilichowainua wanawake

Mwaka 1899, Porfirio Díaz akiwa rais, mwanasiasa Francisco Bulnes alichapisha kitabu kilichogawa wanadamu katika makundi matatu: wala ngano, wala mchele na wala mahindi. Wa ngano ndio wenye maendeleo, alidai, na mahindi ndiyo yaliyowadumaza watu wa asili wa Amerika. Hoja hiyo ilikuwa batili na yenye madhara. Iliwapa watawala kisingizio cha kulaumu sahani ya maskini badala ya kulaumu ujira wake na shamba alilonyang'anywa. Mapinduzi yaliyoanza 1910 yalipiganwa kwa sehemu kubwa na walaji wa totila.

Mzigo wa kweli wa totila ulikuwa mahali pengine. Kuilisha familia kulimtaka mwanamke aamke kabla ya alfajiri na kupiga magoti mbele ya metate kwa saa nyingi, kila siku, mpaka magoti na mgongo vikaharibika. Vinu vya mashine vya kusagia nishtamali vilianza mijini mwishoni mwa karne ya 19 na kuingia vijijini miaka ya 1920. Kijijini Tepoztlán kinu kilichofunguliwa 1925 kilishindwa kwa sababu wanaume walikipinga. Walisema unga wake hauna ladha, na walihofia wake zao watapata muda wa kuzurura. Miaka michache baadaye kingine kilifunguliwa, na safari hii wanawake walikwenda. Chini ya Rais Lázaro Cárdenas, 1934 hadi 1940, vyama vya wanawake vilipewa vinu vyao wenyewe. Naliona hili kuwa badiliko kubwa zaidi katika historia ya chakula cha Mexico tangu kuja kwa Wahispania. Mwanamke aliyesimama kutoka kwenye metate alipata saa za kushona, kuuza na kusoma.

Mwaka 1947 Fausto Celorio alitoa mashine iliyoendelea kuboreshwa mpaka ikakanda na kuoka totila yenyewe, na 1949, huko Cerralvo, Nuevo León, Roberto González Barrera na baba yake walianzisha kiwanda cha unga wa nishtamali uliokaushwa, Maseca. Sasa mpishi aliongeza maji tu. Mamilioni ya mama walipumzika, na ladha ikapungua.

Miaka hiyohiyo Josefina Velázquez de León, mwalimu wa mapishi wa jiji la Mexico, alizunguka nchi akifundisha na kukusanya mapishi ya wanawake wa mikoani. Kitabu chake cha mwaka 1946 kilikusanya vyakula vya mikoa yote ya jamhuri. Kwa mara ya kwanza mama wa nyumbani aliweza kuona enchilada za mbali na kwao ndani ya jalada moja, na kuzihesabu zote kuwa zake. Bulnes alijibiwa na mwanamke mwenye mwiko.

Katika jiji hilohilo, mgahawa wa Sanborns, ulioanzishwa na ndugu wawili Wamarekani mwaka 1903 na baadaye kuhamia katika Jumba la Vigae, uliipa sifa enchilada ya kijani yenye kuku, iliyomwagiwa krimu na kufunikwa kwa jibini iliyoyeyushwa ndani ya oveni. Inaitwa ya Kiswisi kwa ajili ya maziwa yote hayo. Wapiganaji wa Emiliano Zapata, kiongozi wa wakulima katika mapinduzi yale, walipokuwa wameukalia mji Desemba 1914 walipigwa picha wakihudumiwa kwenye kaunta ya Sanborns, wakulima wenye kofia pana katika mgahawa wa mabwana. Baadaye enchilada nayo ikaketi Sanborns.

Tangu 1972: jina, bei na mbegu

Mwaka 1972 Diana Kennedy, Mwingereza aliyeishi Mexico, alitoa kitabu cha mapishi ya mikoa kilichowaambia wasomaji wa Kiingereza kwamba sahani ya rojo la bizari na jibini ya njano si Mexico yote. Aliandika akiwa amewafuata wapishi majikoni kwao, kutoka mji hadi mji. Kutokea hapo chakula cha Texas kikapata jina lake, na cha Mexico kikaanza kutafutwa kwa majina ya mikoa yake.

Mkataba wa biashara huru na Marekani na Kanada ulianza 1 Januari 1994, na mahindi ya bei nafuu ya Marekani yakamiminika. Wakulima wengi wadogo waliacha mashamba. Ruzuku ya totila iliondolewa mwishoni mwa muongo huo. Mwanzoni mwa 2007 bei ya totila ilipanda ghafla, kwa sehemu kwa sababu mahindi ya Marekani yalianza kugeuzwa mafuta ya magari. Januari 31 makumi ya maelfu ya watu waliandamana katika jiji la Mexico, na Rais Felipe Calderón alikuwa amelazimika kukubaliana na wafanyabiashara juu ya bei ya kikomo.

Miaka mitatu baadaye habari zilitoka Nairobi. Ndiko kamati ya UNESCO ilikokutana Novemba 2010 ilipouingiza upishi wa jadi wa Mexico katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, ikitumia mfano wa Michoacán. Hoja iliyopelekwa Nairobi haikuwa ya mgahawa wala mpishi mashuhuri. Ilihusu shamba la mahindi, maharage na pilipili, chokaa, metate, komali, na wanawake wapishi wa vijijini wanaofundishana.

Kubishania mbegu kunaendelea. Februari 2023 serikali ya Mexico ilikataza mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yasitumike katika donge na totila. Marekani ilishtaki, na Desemba 2024 jopo la usuluhishi likaipa ushindi. Mexico iliondoa katazo hilo, kisha Machi 2025 ikabadilisha katiba na kupiga marufuku kupanda mahindi ya namna hiyo katika ardhi yake. Mahindi ya njano ya kuagizwa bado yanaingia kwa meli na treni, mengi kwa chakula cha mifugo. Yale ya asili, meupe, ya bluu, mekundu na meusi, yanaendelea kupandwa na wakulima wadogo wa Oaxaca, Michoacán na Puebla, nao huwauzia wenye maduka ya totila wanaorudia kuchemsha kwa chokaa badala ya kufungua mfuko wa unga. Totila zao ni ghali zaidi, na wanunuzi wake wengi kwa sasa ni watu wa mjini wenye uwezo.